Miguu Mtumbwini, Macho Kitabuni

Viatu vyangu vya kwanza sikuwahi kuvivaa. Naanzia hapo kwa makusudi, maana nikianza na kitabu mtauliza mzee wa darasa la nne alipata wapi kitabu, na nikianza na pombe mtasema huyu ni mlevi tu anatupotezea muda. Kwenye viatu hakuna wa kunigombeza.

Nilikuwa na miaka kama kumi, sijui vizuri, mama alihesabu umri wetu kwa misimu ya senene na mwaka mmoja senene hawakuja. Baba alikuwa ameuza kahawa yake vizuri, roho ikamchangamka, akasema mwanawe hataenda kupokea Komunyo ya kwanza pekupeku kama watoto wa watu fulani. Tukatoka Muleba alfajiri juu ya lori la mbao. Tulipofika Bukoba nilikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Tukaingia duka la Mhindi mmoja, mzee mwembamba aliyevaa sweta hata jua likiwa kali. Maduka kama lile yamebaki machache sasa. Yule mzee alijua Kihaya kuliko baba yangu alivyojua Kiswahili, wakasalimiana weee, wakaulizana habari za mvua, za migomba, za ng'ombe, mimi nimesimama tu.

Kisha akanikalisha kwenye kisanduku, akaleta kipimo cha ubao, akaweka mguu wangu juu yake. Mguu ukamwagikia pembeni. Akakigeuza kipimo. Akaleta jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vidole vinaingia, kisigino kinabaki nje kinamtazama. Mwisho akaketi sakafuni, akaushika mguu wangu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika sangara, akamwambia baba, kwa neno la heshima la Wahaya:

"Waitu, mimi nauza viatu. Hii miguu si ya viatu. Hii ni makasia."

Baba kwa aibu akanunua jozi kubwa kuliko zote zilizokuwamo. Nayo haikuingia. Komunyo nilipokea pekupeku, viatu nimevishika mkononi, ili watu waone kwamba vipo. Padri alinitazama, akatazama viatu, akaendelea na mwingine.

Nililia siku nzima. Baba hakuwa mtu wa kubembeleza, lakini jioni alisema, "Nyamaza. Mungu hakukosea hiyo miguu. Kuna kazi yake." Msimu uliofuata akaisugua kwa sabuni ya kipande mpaka magotini, akaniingiza kwenye mtumbwi wa pombe. Na kweli, kazi iliyowachukua watu wengine mpaka jua kuinama, mimi niliimaliza kabla mama hajamaliza kumenya ndizi za mchana.

Mtumbwi ninaousema hauendi ziwani. Ni gogo zima lililochongwa, refu kama kitanda cha watu wawili, tunaliita obwato, na humo ndimo rubisi, pombe yetu ya ndizi, inamozaliwa. Ndizi za pombe zinaivishwa shimoni siku nne, zinamenywa, zinamwagwa humo pamoja na nyasi za rweya, mbuga zetu, halafu anaingia mwanamume mwenye miguu safi, anakanyaga, anakanyaga, anakanyaga, mpaka ndizi ziache ubishi zitoe maji. Maji hayo ni matamu sana, tunayaita omuramba, hata mtoto anakunywa, hata aliyeokoka anakunywa. Ukitaka yawe pombe unaweka mtama uliokaangwa na kusagwa, unafunika kwa majani ya mgomba, unayaacha yalale. Kesho yake ni rubisi. Bila mtama ni juisi. Hilo la mtama lishikeni, mimi ndilo lililonishinda kulishika.

Basi nikawa mkanyagaji. Kwa zaidi ya miaka arobaini hakuna harusi, ubatizo wala matanga katika ukoo wetu ambayo pombe yake haikupita chini ya nyayo zangu. Watu wengine wanakumbukwa kwa mashamba. Mimi kwa miguu. Ila kuna jambo moja wakanyagaji hawalisemi, nami nitalisema kwa kuwa nimezeeka na sina cha kuogopa: kazi ile inachosha akili. Miguu ina kazi, mikono haina. Unashika nguzo, unatazama kuku. Wengine wanaimba. Mimi sauti yangu hata kwaya ya kigango ilinirudisha nyumbani na salamu. Kwa hiyo miaka arobaini yote nimetazama kuku. Hakuna mtu Muleba nzima anayewajua kuku kama mimi, na hakuna la maana sana la kujua.

Sasa tuje kwenye wiki yenyewe. Mwaka jana mjukuu wangu, binti wa mtoto wangu wa kwanza, anayefanya kazi kwenye duka la dawa Bukoba mjini, alileta habari kwamba kuna watu wanataka kuja kumposa. Wakapanga Jumamosi. Sisi kwetu mazungumzo ya posa hayafunguki bila rubisi ya nyumbani. Unaweza kuleta soda lori zima, msemaji wa wakwe atakaa na mikono magotini anakutazama mpaka kibuyu kitokee. Na kibuyu kikitokea kibovu, wanarudi kwao wanasema ile nyumba haijui kupokea watu, na msichana anaolewa akiwa amebeba hilo jina mgongoni. Mjukuu aliniambia mwenyewe, Jumapili tukitoka misa:

"Babu, mengine yote yakiharibika sijali. Keki ikianguka, mvua ikinyesha, shangazi akilia ovyo. Pombe tu, Babu. Shangazi wa mchumba wangu ana mdomo."

"Mdomo mkubwa kiasi gani?"

"Kama miguu yako."

Nikamwambia alale usingizi. Kisha nikamwona jirani yangu wa kule chini, tuliyebatizwa siku moja na kushindana tangu siku hiyo, amesimama nyuma yetu anasikiliza. Naye anakanyaga. Miguu yake ni ya kawaida kabisa, ya kununuliwa viatu dukani. Mwaka mzima alikuwa anasambaza maneno kwamba mimi nimechoka, magoti yamekwisha, ukoo unapaswa kufikiria mtu mwingine. "Waitu," akasema, "ukihitaji msaada, nipo." Nikamwambia nikihitaji msaada nitamwita daktari.

Wiki hiyo ilikuwa na kazi, jamani. Jumapili hiyo hiyo shimo likachimbwa na ndizi zikafukiwa. Jumatatu kahawa ilikuwa imeiva yote kwa pamoja, kana kwamba imesikia tuna wageni. Jumanne bibi yangu, mama wa watoto wangu, akanituma Kagoma kutafuta viti vya kuazima, niliporudi akanituma tena kwa sababu nilileta viti bila kukagua kama miguu ya viti hivyo ni mizima. Jumatano bandarini Kemondo, kusubiri samaki wakavu kutoka kisiwa cha Goziba. Kila nikikaa, jina langu linaitwa. Mjukuu, ambaye alichukua likizo ya wiki nzima, akanionea huruma. Jumatatu jioni alinikuta nimeketi kwenye mfuko wa kahawa, nimetoa macho kama mtu aliyeibiwa.

"Babu, chukua hiki," akasema. "Ni cha kupumzisha kichwa."

Kilikuwa kitabu kidogo, jalada la njano, kimekunjika pembe. Nikakishika kwa mbali. Kusoma najua, nilifundishwa na katekista, lakini nilichowahi kusoma maishani ni katekisimu, barua za msiba na maandishi ya mifuko ya mbolea.

"Kina nini?"

"Maajabu. Kuna fundi cherehani mmoja, mwanamke, anashona nguo zenye mifuko, na kila mfuko ndani yake una hali ya hewa."

"Hali ya hewa gani?"

"Yoyote. Mtu anataka manyunyu kidogo ya kumwagilia miche yake, anashonewa mfuko wa manyunyu."

"Na nani anakufa?"

"Hakuna anayekufa, Babu."

"Hata mmoja?"

"Kuku mmoja anapotea. Lakini anarudi."

Nikasema upuuzi. Nikasema mimi nimezika ndugu, nimeona njaa, nimeona vita vya Amin vikipita barabarani, leo niketi nisome habari za mifuko yenye mvua? Akacheka, akasema kitabu ni cha mwenzake kazini, lazima akirudishe Jumapili, kwa hiyo kama sitaki asikiache kipate madoa. Akataka kukichukua. Sikuachia. Sijui kwa nini sikuachia. Mkono wenyewe ndio ulikataa.

Nilifungua ukurasa wa kwanza pale pale. Miwani yangu niliinunua sokoni Bukoba, mkono wake mmoja umefungwa uzi, na kidole changu ndicho kinachonionyesha mstari. Ukurasa mmoja unanichukua muda wa kuchemsha maharage. Lakini we! Ukurasa wa pili tu, mwalimu wa shule anakuja kwa yule fundi anaomba mfuko wa ukungu wa asubuhi, ili mwalimu mkuu asimwone akichelewa. Fundi anamshonea. Mwalimu anautoboa kwa kalamu kwa bahati mbaya, ukungu unajaa darasa zima, wanafunzi wanafanya mtihani wakipapasana, na wote wanafaulu. Nilicheka mpaka bibi yangu akatoka jikoni na mwiko.

"Nini?"

"Wote wamefaulu!"

"Akina nani?"

Nikamwonyesha ukurasa. Akarudi jikoni, nikamsikia anamwambia mtu kwamba mzee ameanza.

Na kweli nilikuwa nimeanza. Niseme ukweli, sijawahi kuwa hivyo hata nilipokuwa nachumbia. Kemondo siku ya Jumatano nilikaa juu ya gunia la dagaa nasoma. Mtumbwi wa Goziba ukaja, ukapakua, watu wakapiga kelele za bei, mimi nipo kwenye sura ambayo mwenyekiti wa mtaa anavalishwa koti la mtu mwingine, lenye radi mfukoni. Kila akiinua mkono kusalimia watu, radi inapiga. Mvuvi mmoja akanigusa bega.

"Mzee, samaki wako wanaondoka na mama mwingine."

"Subiri, anaenda kwenye mkutano wa hadhara!"

"Nani?"

"Mwenyekiti! Na atainua mkono!"

Yule mvuvi akachuchumaa. "Halafu?" akauliza. Nikamsomea. Samaki nilipata, kwa kuwa yeye mwenyewe alikwenda kumnyang'anya yule mama, lakini hakuniachia niondoke mpaka mkutano wa kitabuni ukaisha.

Mtauliza kilichokuwa kinanifurahisha hivyo ni nini. Nimefikiri. Mambo ya humo yalikuwa madogo. Shida kubwa kabisa ni koti la radi kuvaliwa na mtu asiyefaa. Mimi wiki ile nilikuwa na viti, samaki, kahawa, shimo, bibi, wakwe wenye midomo; nikifungua kile kitabu naingia kwenye mji ambao mtu anaamka asubuhi wasiwasi wake ni kama kaptura yake imeshonwa na upepo wa kutosha. Nikitoka humo hata viti vya Kagoma nilivibeba kama manyoya. Na tena kulikuwa na yule mwenye kivuko. Huyu nitakuja kumweleza, huyu ndiye aliyenimaliza.

Alhamisi tukafukua shimo. Ndizi zilikuwa zimeiva vizuri, za njano kama jalada la kile kitabu, nikachukulia hiyo ni dalili njema. Wanawake wakamenya, nikanawa miguu, nikaingia mtumbwini. Nikaanza kukanyaga. Nikatazama kuku. Kuku wakanitazama. Mikono yangu ikaning'inia. Ndipo likanijia wazo ambalo naapa katika miaka arobaini halikuwahi kunijia: mikono haina kazi, macho hayana kazi, na kitabu kiko dirishani.

"Nileteeni kile kitabu," nikasema.

Mngeniona! Nguzo ipo kwenye kwapa, kitabu mkononi, miguu inakwenda chap, chap, chap. Nilikanyaga kuliko siku zote, maana mambo yakiwa matamu miguu inakimbia, mambo yakiwa ya wasiwasi miguu inasimama, mpaka bibi yangu aliyekuwa akisuka mkeka pembeni akawa anajua hadithi imefika wapi kwa kuangalia magoti yangu. Jirani akapita na mkungu wake wa ndizi begani. Akasimama.

"Unakanyaga au uko shule?"

"Vyote viwili. Kwani wewe umewahi kuweza chochote kati ya hivyo?"

Akaenda zake akicheka kicheko ambacho sikukipenda.

Basi, tukakamua, tukachuja, maji yakajaa mtumbwi. Bibi yangu akaleta mtama kwenye ndoo yenye mfuniko, akaiweka miguuni pangu. "Huu hapa mtama," akasema. "Mimi naenda kwenye sala ya jumuiya. Weka, funika."

"Ndiyo, nimesikia."

Nilisikia, sikatai. Lakini wakati ule mwenye kivuko alikuwa anaingia dukani kwa fundi. Subirini sasa nimweleze. Huyu ni mwanamume mkimya, anavusha watu mto, na kila Ijumaa analeta koti lake kwa sababu kifungo kimetoka. Fundi anakishona. Ijumaa inayofuata, kifungo kile kile. Anakishona kwa uzi mzito. Ijumaa, kimetoka. Anakishona kwa uzi wa nyavu. Kimetoka. Nami moyoni nikasema, mama wewe, huoni? Nikalifunika lile gogo kwa majani ya mgomba, vizuri kabisa, nikapanga majani kama mtu anayefunika mtoto. Kisha nikatafuta pa kukaa ili niilinde pombe, ndiyo desturi, mkanyagaji analinda. Palikuwa na ndoo yenye mfuniko. Nikaikalia.

Niliikalia Alhamisi jioni. Niliikalia Ijumaa kutwa. Watu walipita, wakaniona, wakanisalimia, "Kasinge waitu," nami nawajibu nimekaa juu ya mtama wa pombe ya mjukuu wangu, nasoma habari za kifungo. Rubisi ikiwa inaiva inaongea, inachemka chini ya majani, unaisikia kama watu wanaoteta chumba cha pili. Yangu ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Nilitambua. Nikasema ni baridi. Nikafungua ukurasa mwingine.

Jumamosi saa sita wakwe wakafika. Magari mawili, kofia, vitenge vipya. Msemaji wao alikuwa mzee mwenye kofia ya kahawia na sauti ya kutoka tumboni, na kando yake yule shangazi, ambaye nilimjua bila kuonyeshwa. Tukakaa. Salamu zikaisha. Msemaji akaweka mikono magotini. Ukoo mzima ukanigeukia mimi, na kwenye pazia la chumba cha ndani nikaona jicho moja la mjukuu wangu.

Nikachota kibuyu. Desturi ni kwamba mkanyagaji anaonja kwanza mbele ya wageni, waone hakuna ubaya. Nikaweka mrija mdomoni, nikavuta.

Tamu.

Nikavuta tena, labda juu tu. Tamu. Kauchungu kadogo sana kwa mbali, kama mtu anayekuita kutoka kilima cha pili. Hapo hapo, bila kuambiwa na mtu, makalio yangu yakakumbuka mfuniko wa ndoo.

"Vipi, waitu?" akauliza msemaji. "Imetukubali?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angeonja mwenyewe baada ya pumzi mbili, na shangazi angepata cha kusimulia mpaka Krismasi. Nikatazama pazia. Lile jicho halikupepesa.

"Waheshimiwa," nikasema, "hii ni juisi."

Kuku akapita katikati.

"Juisi?" akasema shangazi.

"Omuramba. Mtama sikuweka. Mtama niliukalia."

"Uliukalia vipi?" akauliza msemaji, na sauti yake sasa ilitoka kooni.

"Kwa makalio, waitu. Siku mbili. Nilikuwa nasoma kitabu. Nyumba hii haina kosa, na huyu binti hana kosa, yeye alisisitiza pombe kuliko keki. Kosa ni la mzee mmoja na kitabu kimoja. Kama kuna jina la kubeba, nitalibeba mimi, nina miguu ya kutosha."

Bibi yangu alikuwa ameshika kichwa. Msemaji akamtazama shangazi, shangazi akanitazama mimi.

"Kitabu gani," akasema polepole, "cha kumfanya mtu mzima akalie mtama?"

"Cha mifuko," nikasema.

"Mifuko gani?"

Nami, Mungu anisamehe, mbele ya posa nikaanza kumweleza. Nilifika kwenye ukungu na mtihani, nikasikia mtu wa nyuma anacheka. Nikafika kwa mwenyekiti na radi, nikainua mkono kama yeye, na kijana mmoja upande wa wakwe akapiga kiti kama ngoma, pa! Kofia ya kahawia ikaanza kutikisika. Shangazi alijizuia, akajizuia, kisha akaachia mlio ambao sijui hata nifananishe na nini, akashika bega la aliyeketi karibu naye. Walokole wawili waliokuja naye wakaomba omuramba, wakasema kwa mara ya kwanza wamekwenda kwenye posa na wamekunywa.

Hapo ndipo jirani yangu wa chini akasimama. Nikajua yamekwisha. Akatoka bila neno, akarudi na vijana wawili wamebeba pipa. Rubisi. Inaongea kabisa, povu limefunga mdomo.

"Ijumaa asubuhi nilipita nikamwona huyu ameketi kwenye ndoo," akawaambia wakwe. "Ndoo ile naijua, ya mtama. Nikasema, mtama kama uko chini yake haupo mtumbwini. Ndizi zangu zilikuwa zimeshaiva shimoni, nikaenda nikakanyaga yangu."

"Uliniona ukanyamaza?" nikamwuliza.

"Ulikuwa unacheka peke yako, ndugu yangu. Nilikuonea aibu kukukatisha. Na tena," akatabasamu, "nilitaka watu wanywe yangu."

Ni mwovu yule. Nilimkumbatia mpaka kofia yake ikaanguka. Msemaji akanywa, akafumba macho, akafumbua, akasema, "Sasa tunaweza kuongea," na yakaongewa, yote, bila kukwama, na mjukuu wangu akatoka nyuma ya pazia amevaa vitenge vyake anacheka na machozi. Alipopita karibu yangu akaninong'oneza, "Makasia wewe." Akina mama wakapiga vigelegele. Msichana ameposwa, jina lake safi.

Ndipo msemaji akainua kibuyu tena.

"Binti tumempata. Kuhusu mtumbwi, ukoo wenu mtaamua wenyewe, mimi naona kuna mtu pale ameshajichagua." Jirani akainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. "Lakini huyu mzee tunampiga faini. Atumalizie. Yule wa kivuko na kifungo ikawaje?"

"Anakikata mwenyewe!" akapaza shangazi. "Mimi nimeshajua! Anakikata mwenyewe njiani!"

"Ndiyo, mama, anakikata mwenyewe," nikasema, "na Ijumaa ya mwisho fundi anachukua lile koti, anatia mkono mfukoni ili alikung'ute, mfuko ambao hakuushona yeye, na ndani yake anagusa kitu..."

"Kitu gani?"

Nikatazama kuku.

"Kitu gani, mzee?"

"Sijafika hapo, waitu. Wageni mlikuja."

Walipiga kelele ambazo nadhani zilisikika barabarani. Walokole ndio waliozidi. Shangazi akasimama kabisa, akanielekezea kidole. "Nenda kasome! Nenda sasa hivi! Hatuondoki hapa hatujui ana nini mfukoni!"

"Zimebaki kurasa ngapi?" akauliza msemaji.

"Sita. Ila mimi nasoma polepole."

"Tuna pipa zima. Nenda."

Nikaingia ndani nikachukua miwani na kitabu. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikapita pale lilipo lile gogo, majani yake yamefunuliwa, omuramba umebaki nusu na nyuki wameshafika. Jirani alikuwa ameinama juu yake anapima urefu kwa shubiri. Sikusimama. Nikasema, "Nakuja," nikashika njia ya kibanja, nikaingia kwenye migomba na miguu yangu mitupu, na siku ile sikurudi, si kwa wageni wala mtumbwini: kurasa sita zilipoisha nilianza upya na ya kwanza.